Mama na bahari isiyokupwa: siku sita St. Thomas na St. John

Tumerudi Houston tangu mwanzo wa Julai kutoka Visiwa vya Virgin vya Marekani, huko Karibea, na ni sasa tu nimepata nafasi ya kukaa na daftari langu lililolowa chumvi, risiti nilizozipiga picha, na picha mia nne na ushei za simu ya binti yangu, ambazo nusu yake ni kidole chake.

Tulikuwa sita: mimi, mke wangu, kijana wetu wa miaka 12, binti wa miaka 7, shemeji yangu mzaliwa wa Bukavu, na Mama, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Watoto walitaka kuona kasa. Mimi nilitaka Mama aone bahari nyingine. Mama alisema bahari ni moja, haoni sababu ya kuilipia nauli.

Ieleweke kwamba Mama amekulia Mwambani, pwani ya Tanga, na bahari anaijua kuliko sisi sote, ila anaijua kwa miguu. Maji yakikupwa, kina mama hushuka mwambani na vijiti na ndoo, wakatafuta pweza na kome; yakianza kujaa, wanarudi. Kuogelea hakujifunza, na uso wake hajawahi kuutia majini. Aliniambia hivyo uwanja wa ndege Miami, tukisubiri ndege iliyochelewa saa tatu kwa sababu ya radi.

Jumamosi, 28 Juni

Houston, Miami, St. Thomas. Kutoka Miami ni chini ya saa tatu. Tulitua jua likizama, na anga ilikuwa ya rangi ya maziwa yaliyoungua. Nikadhani mvua. Dereva wa teksi akasema ni vumbi la Sahara: kila mwaka miezi kama hii hupeperushwa likavuka Atlantiki nzima, watu wakaanza kukohoa. "Limetoka kwenu," akamwambia Mama. Mama akajibu kwa Kiswahili kwamba Tanga hakuna jangwa, nami nikatafsiri, dereva akacheka mpaka daraja la pili.

Teksi hapa hulipwa kwa kichwa, si kwa gari, na mabegi yana hesabu yake. Sisi sita na mizigo mpaka Red Hook, mwisho wa mashariki wa kisiwa, ilikaribia dola 90. Uliza bei kabla ya kupanda. Zimewekwa na serikali na dereva hatakasirika.

Magari yanaendeshwa kushoto kama kwetu, sehemu pekee ya Marekani kufanya hivyo, lakini usukani nao uko kushoto. Dereva anakaa upande wa majani. Nilikuwa nimepanga kukodi gari; baada ya kona mbili za mlimani nikafuta mpango.

Jumapili, 29 Juni

Tulishuka mjini Charlotte Amalie kwa usafiri ambao ulimfurahisha Mama kuliko chochote cha siku mbili za kwanza. Ni lori dogo lililoondolewa bodi la nyuma, likawekwa mabenchi na paa, upepo unapita. Wenyeji wanaliita *safari*. Ndiyo, safari. Unasimama barabarani, unasema unangoja safari, safari inakuja, unalipa dola 2. Mama aliuliza mara tatu kama nimesikia vizuri. Kisha akaanza kuwaambia abiria wote kwamba hilo ni neno letu, tunalidai.

Jambo la pili la kujua, na ni la muhimu kuliko bei: salamu. Ukiingia dukani ukaanza na "nataka maji", utaangaliwa kama umetukana. Unasimama mlangoni, unatoa habari za asubuhi kwa wote waliomo, wanakujibu, ndipo biashara ianze. Kwenye safari hivyo hivyo. Watalii wengi wanakosea hapa halafu wanarudi kwao wakisema wenyeji wana roho mbaya. Mama Kiingereza chake ni "gudi moning" na "tenkyu", na kwa maneno hayo mawili alipewa kiti cha mbele kila mahali.

Chakula cha mchana: samaki wa kuchemsha na *fungi*. Fungi ni unga wa mahindi uliosongwa na bamia na siagi, ukafinyangwa duara. Mama aliumega kwa vidole, akautazama, akasema, "Ugali umetiwa bamia ndani. Mvivu gani huyu hakutaka kupika mboga kando?" Akaumaliza, akamega na wa kwangu. Dola 18 sahani. Shemeji alikula *pate*, ambazo ni sambusa kubwa za mviringo zenye samaki wa chumvi au nyama, dola 5 moja. Mbili zinatosha mtu mzima.

Jumatatu, 30 Juni

Kivuko cha Red Hook kwenda Cruz Bay, St. John, ni dakika 20, zaidi kidogo ya dola 8 kwa mtu mzima. Zaidi ya nusu ya kisiwa cha St. John ni hifadhi ya taifa tangu 1956, ndiyo maana ukikiona kutoka baharini ni kijani mpaka majini. Barabarani kuna punda wanaozurura wenyewe. Mmoja aliingiza kichwa dirishani mwa teksi, na Mama akamfukuza kwa sauti ile ile anayowafukuzia mbuzi.

Tulikwenda Trunk Bay, ufukwe ambao pengine umeshauona kwenye kalenda. Kiingilio dola 5, walio chini ya miaka 16 bure. Pale kuna njia ya chini ya maji, kama mita 200, yenye vibao vilivyowekwa sakafuni mwa bahari kukueleza unachokiona. Unaogelea na miwani unasoma. Kijana wangu aliisoma yote. Mimi niliishia kibao cha tatu, miwani yangu ya kukodi ilikuwa inavuja.

Mama alikaa kivulini na kanga yake. Baadaye akaniuliza, "Maji yanakupwa saa ngapi huku?" Nikasema sijui. Akatafuta kijiti, akakichomeka pale wimbi lilipoishia, akakaa kukilinda. Tulipokuja kula, kijiti bado kililowa. Tulipofunga mizigo alasiri, maji yalikuwa yamesogea hatua mbili tu. Nikamuuliza mlinzi wa ufukwe, akaniambia tofauti ya kujaa na kupwa hapa ni kama futi moja, siku nyingine haifiki. Kwetu bamvua likikolea bahari inashuka zaidi ya mita tatu, unatembea kwa miguu pale ngalawa zilipoelea asubuhi.

"Bahari gani hii haipumui?" Mama akauliza. Nikaona amenyong'onyea kidogo. Alikuwa amebeba viatu vyake vya mpira vya kushukia mwambani, kutoka Tanga.

Jioni likaja la kuja. Chombo nilichokiwekea nafasi tangu Aprili kwa ajili ya kesho yake kikafutwa kwa ujumbe wa simu: mashine imeharibika, pesa zitarudi ndani ya siku kumi za kazi. (Zilirudi wiki ya tatu, baada ya simu nne.) Nilikaa kwenye ngazi za bandari nikipiga namba huku na kule. Kila mtu amejaa, ni wiki ya sikukuu. Mama mmoja muuza maandazi ya huku, *johnnycake*, alikuwa anafunga meza yake. Mama yangu alikuwa amemsalimia asubuhi na jioni. Yule muuzaji akaniuliza nina nini, nikamweleza. Akatoa simu, akaongea na mpwa wake kwa lafudhi ambayo sikushika hata neno moja, akakata. "Saa mbili na nusu, gati la pili. Usichelewe." Tukamnunulia maandazi yote yaliyobaki. Mama alisema yamekosa iliki, lakini alisema njiani, si pale.

Jumanne, 1 Julai: chombo

Chombo chenyewe: futi 28, mashine mbili nyuma, kivuli cha turubai katikati. Nahodha ni mzaliwa wa St. John, kama miaka 40, mtulivu. Bei dola 1,100 kwa siku pamoja na nahodha. Mafuta mbali, yakaja 190. Bakshishi asilimia 15 mpaka 20 inategemewa. Jumla ikakaribia 1,500. Nilimeza mate. Ukigawa kwa sita si mbali na bei ya kupanda jahazi la watalii pamoja na watu arobaini, na hapo unakwenda unakotaka wewe.

Mambo mawili kwa atakayefuata. Kwanza, vyombo vidogo vingi vya kukodi vya aina hii haviruhusiwi kubeba abiria zaidi ya sita, na mtoto naye anahesabiwa. Mkiwa saba mnatafuta chombo kingine kabisa. Pili, mafuta ya kujikinga na jua: tangu 2020 sheria ya hapa imepiga marufuku yale yenye oksibenzoni, oktinoksati na oktokrileni, kwa sababu yanadhuru matumbawe. Nahodha alisoma chupa zetu kabla hatujapanda. Moja tuliiacha gatini. Nunua ya zinki. Unakuwa mweupe kama umepakwa chokaa, lakini ndiyo hiyo.

Mlango wa bahari baina ya visiwa hivi viwili unaitwa Pillsbury Sound, na upepo ukikutana na mkondo pale, chombo kinaruka. Shemeji, mtoto wa Ziwa Kivu, alikuwa ametuambia tangu Houston kwamba maji si kitu kwake. Kabla hatujafika katikati alikuwa ameinamia ubavu. Mama akamsogeza tezi, akamwambia atazame nchi kavu asitazame maji, akampa ndimu anuse. Yeye mwenyewe alisimama wima ameshika nguzo ya turubai kwa mkono mmoja, akiwa kwenye ile nguo ya kuogelea ya kujisitiri aliyonunuliwa na mkwewe, kama aliyezaliwa humo chomboni.

Tukapita kaskazini kwenye mlolongo wa visiwa vidogo. Nahodha akavitaja kimoja kimoja: Grass, Mingo, Lovango, na kile chembamba cha mawe, Congo.

Shemeji akainua kichwa. "Umesema?"

"Congo Cay."

"Kumbe Congo iko pia huku!" Akapona papo hapo. Tulilazimika kuzunguka mara mbili ili apigwe picha na nchi yake, ambayo ni jiwe lenye vichaka na mwari wanaojitupa majini kama mawe. Nahodha alisema wenyeji wana hadithi kwamba Lovango maana yake ni penda-uende. Mimi nilipoliona jina limekaa ubavuni mwa Congo nilifikiria Loango, ule ufalme wa kale wa kaskazini ya mdomo wa mto Kongo, ambako watu wengi walipakiwa majahazini wakaletwa upande huu. Sikusema kitu. Shemeji alikuwa anarekodi video kwa ajili ya ndugu zake.

Kituo cha kwanza, Waterlemon Cay, kisiwa kidogo ndani ya Leinster Bay. Hapa hatukutia nanga. Hifadhi imeweka maboya ya kufungia ili nanga zisivunje mwamba. Unalinasa boya kwa upondo wenye ndoano, unapitisha kamba, basi. Sisi wanne tukaingia majini na nahodha. Kwenye majani ya bahari kabla ya kufika mwambani kuna viti vya pweza vikubwa kama sahani ya pilau, rangi ya chungwa. Vya kutazama tu, usivitoe nje ya maji. Kisha mwamba: pono wakitafuna jiwe, ukizamisha masikio unasikia kabisa *krr, krr*, kangaja wa buluu kwa makundi, mzia mmoja amesimama peke yake, meno nje, hana habari na mtu. Upande wa nyuma ya kisiwa mkondo ni mkali. Tulikwenda nao mara moja na nahodha akatuzuia tusirudie.

Nilichokiona pia ni matumbawe ya duara, yale yanayofanana na ubongo, yakiwa na mabaka meupe, mengine yamekufa kabisa. Tuliporudi chomboni nahodha akaeleza kwamba ni ugonjwa ulioonekana visiwani humu kwa mara ya kwanza 2019, unakula nyama ya tumbawe kwa wiki chache likabaki jiwe. Wazamiaji wanalitibu tumbawe moja moja kwa kupaka ujiuji wenye amoksilini kwenye ukingo wa kidonda.

Nikamtafsiria Mama.

"Amoksilini? Ile ya kidonge cha rangi mbili?"

"Hiyo hiyo."

Akanyamaza. Halafu akasema, "Sisi kwetu mwamba waliupiga baruti. Tulikuwa tunasikia mlio tuko jikoni. Hawa wanauguza."

Tukiwa bado tumefungwa pale, unaona juu ya kilima magofu ya Annaberg, kinu cha kusagia miwa cha enzi za Wadenmark, na ukigeuka upande wa pili unaona Tortola, nchi ya Waingereza, karibu kiasi cha kuhesabu nyumba. Waingereza walipofuta utumwa 1834, huku kwa Wadenmark ulibaki mpaka 1848. Kwa hiyo watu wa huku walikuwa wanavuka usiku, kwa mashua za wizi, kwa chochote kinachoelea. Nahodha alisema bibi mzaa babu yake alikuwa na ukoo pande zote mbili za maji haya. Kijana wangu, ambaye ndiyo kwanza katoka kuogelea mita mia akihema, alitazama ule umbali muda mrefu.

Adhuhuri ikaingia. Mama akaulizia kibla, nikatoa simu: mashariki, kidogo kuelekea kaskazini. Akakaa kwenye benchi, akaanza sala yake ya safari. Tatizo la chombo kilichofungwa kwenye boya ni kwamba kinazunguka. Mpaka anatoa salamu, kibla kilikuwa kimehamia begani kwake. Akasema Mungu anajua habari za maboya.

Kisha Maho Bay, na hapa ndipo ningependa kukaa kidogo.

Maho maji yake ni tuli, ya kiunoni mpaka kifuani, chini mchanga na majani, na kasa wanakuja kula hayo majani. Nahodha alisogeza chombo mpaka kwenye mstari wa maboya yanayokataza mashua, akashuka yeye kwanza, akanyoosha mkono. "Mama," akasema. Hivyo hivyo, Mama.

Nilitarajia akatae. Alivaa laifu jaketi, akakumbatia lile boya refu la sponji, akashuka ngazi kinyumenyume. Shida ikawa miwani. Kingo za mpira zikikanyaga kitambaa cha ushungi, maji yanapenya, na alipoinama mara ya kwanza aliinuka amejaa chumvi puani, akapiga chafya nne. Mke wangu akamshika kidevu kama anayempaka mtoto mafuta, akaurudisha ushungi nyuma nusu inchi kuzunguka uso mzima, akabana mpira juu ya ngozi, mkanda ukapita juu ya kitambaa. "Pumua kwa mdomo, Mama. Kwa mdomo tu."

Akainama.

Mimi nilikuwa nimemshika mkono. Vidole vyake vilikuwa vimekaza, halafu vikalegea. Sauti ya bomba la kupumulia: *hoo, haa, hoo, haa*. Nikatia uso na mimi. Mbele yetu, kama mita nne, alikuwapo kasa mkubwa kiasi cha meza ya kahawa, ameinamisha kichwa kwenye majani, samaki mwembamba amejibandika mgongoni kwake. Alikuwa anang'oa jani, anatafuna, anasogea, anaacha hili, anachukua lile. Akapanda juu kuvuta pumzi, kichwa kikatoka karibu yetu, *pfff*, akashuka tena palepale alipoachia.

Mama hakuinua uso mpaka nilipoanza kupata wasiwasi. Alipoinuka alitoa bomba mdomoni, akasema:

"Anachagua. Kama mbuzi."

Akarudi chini. Alikaa majini dakika 50, binti yangu alihesabu. Mimi nilichoka, shemeji akanipokea, naye akachoka, nahodha akampokea. Sheria inakataza kumgusa kasa au kumkimbiza. Unaelea, yeye anakuja akitaka. Wanne walikuja.

Saa nane mchana tulikuwa Christmas Cove, ubavuni mwa Great St. James, ambako kuna jahazi lililogeuzwa jiko la pizza. Unaagiza, kisha kijana anakuletea kwa mashua ndogo akiwa amebeba maboksi. Pizza tatu na bakshishi, dola 100 kasoro. Shemeji alikula moja peke yake, ya kulipia alichopoteza asubuhi. Saa kumi tukawa gatini.

Jumatano, 2 Julai

Tulilala. Mvua ya nusu saa ikaosha vumbi, na kwa mara ya kwanza tukaona mbingu ni ya buluu. Kando ya barabara walikuwa wameanza kuuza *genip*, tunda kama shokishoki lisilo na nywele, dola 5 mfuko. Mama alikwenda kununua miwani na bomba lake mwenyewe. Dola 46. Hakuomba punguzo, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Alhamisi, 3 Julai

Ni sikukuu ya Ukombozi: tarehe kama hii 1848 watumwa wa kisiwa jirani cha St. Croix walijikusanya mjini Frederiksted kwa maelfu mpaka gavana akatangaza uhuru. Ofisi zimefungwa, ngoma tangu alfajiri, na vivuko vya Cruz Bay vimejaa watu wanaokwenda kwenye sherehe. Mwenye ndege siku hii atoke mapema.

Na la mwisho kwa wanaosafiri na wazazi: visiwa hivi ni vya Marekani, ukija kutoka bara hukaguliwi, lakini ukiondoka unapita kwa maofisa wa uhamiaji na forodha palepale St. Thomas. Mwenye kadi ya ukaazi aibebe, mgeni abebe pasi yake na viza. Na usibebe makombe ya hifadhini. Mama alikuwa na gamba moja la kome kwenye pindo la kanga tangu Jumatatu; tulilirudisha majini Red Hook kabla ya teksi. Ofisa alimuuliza, kupitia kwangu, ana nini mkononi. Alikuwa amebeba miwani hakutaka kuitia begini.

Mama alirudi Tanga Agosti. Juzi amenitumia ujumbe wa sauti, upepo mwingi nyuma, na wanawake wanacheka. Bamvua lilikuwa limeisha, anasema, maji hayakukupwa vizuri, wenzake wakakata tamaa wakakaa. Yeye akaingia mpaka kiunoni, akavaa, akainama. Pweza alikuwa ameshamwona zamani, amekaa mlangoni mwa pango lake, anamtazama.

Wenzake wanataka kuazima. Amewaambia wapange foleni.